Milango Mitano ya Mama Shemasi

Nyumba ikibomolewa, wenyewe hulia, majirani hushika viuno wakitazama, na mimi hufika na gari la kukodi kuuliza milango inauzwa vipi. Ndiyo kazi yangu. Nanunua milango mikuukuu, fremu, madirisha na bawaba, naisugua, naipiga rangi, naiuza kwa wanaojenga. Watu wananiita Mama Milango, na jina hilo nililipata kabla sijapata kibanda cha kuiwekea. Sikurithi kitu, na sina tabia ya kulilia mbao. Nayasema haya mapema ili msomaji asije akadhani namsifu mtu kwa sababu moyo wangu ni mwepesi.

Mtu mwenyewe ni fundi wa vitasa aliyekaa miaka mingi kwenye baraza la kibanda changu. Sote tulimwita Fundi Funguo. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye kipara kinachong'aa na mikono iliyonuka chuma hata akitoka kuoga.

Alifikaje kwangu? Mali ya bomoabomoa ina kasoro moja: milango huja kivyake na funguo kivyake. Wabomoaji hukusanya funguo zote kwenye gunia moja, wakakurushia kama watu wanaokufanyia hisani. Sasa mlango wenye kitasa kizima lakini usio na ufunguo, mnunuzi anauita kuni. Ukiwa na ufunguo wake, anauita mlango. Kwa hiyo nikampa Fundi sehemu ya kuweka meza yake, jiliwa yake ya kubania vyuma na tupa zake, bila kodi, naye awe ananilinganishia funguo. Siku ile nilirudi nyumbani nikijipongeza kwamba nimempunja. Baadaye niligundua kwamba na yeye alirudi kwake akijipongeza hivyohivyo.

Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Alichukua ufunguo mmoja guniani, akaufuta, akautazama meno kwenye mwanga, kisha akauingiza kitasani taratibu, kama mtu anayemlisha mgonjwa. Ukikataa kugeuka hakuulazimisha. Aliutundika msumarini kwenye ubao wake na kuuambia, "Wewe si wa hapa. Subiri kwenu kufike."

"Unaongea na chuma, Fundi?"

"Chuma kina masikio kuliko wateja wako."

Siku moja aliitwa kwa padre mmoja mstaafu aliyepoteza ufunguo wa kabati la vitabu. Kabati alilifungua mara moja, lakini yeye mwenyewe hakutoka kule hadi jioni. Akarudi tena siku iliyofuata, na nyingine, na hakuna kabati lingine lililokuwa limefungwa. Nikamuuliza kulikoni.

"Mama Milango," akasema, "kumbe gunia lako limo katika mahubiri ya watu wa kale."

Akanieleza. Wakristo wa karne zile za mwanzo, kabla hawajawa na makanisa ya mawe, walikuwa wakikutana majumbani na kusoma Maandiko kwa namna nyingine. Walisema neno lina mwili, lina nafsi, na lina roho, kama mtu. Mwili wake kila mtu anauona: habari ya safari, ya vita, ya harusi. Lakini ndani kuna chumba, na ndani ya chumba kuna chumba kingine. Na mwalimu wao mmoja alisema kwamba Maandiko ni kama nyumba kubwa yenye vyumba vingi, vyote vimefungwa, na mbele ya kila mlango umewekwa ufunguo. Ila ufunguo huo si wa mlango huo. Funguo zote zimechanganywa. Anayetaka kufungua mlango mmoja sharti azunguke nyumba nzima akiinama mlango baada ya mlango.

"Kama gunia lako hasa," alimaliza, macho yakimwaka.

"Gunia langu lina kutu, Fundi. Halina utakatifu."

"Kutu si kitu. Inafutika."

Kuanzia hapo akawa mtu wa maana za ndani. Misri, kwake, haikuwa tu nchi ya Farao, ilikuwa mahali popote moyo wa mtu unapofyatua matofali ya bwana asiyempenda. Hori alimolazwa mtoto Yesu lilikuwa kifua cha mtu, mahali wanyama wetu wanapokula, na mtoto hulazwa humohumo katikati ya makapi. Wale wanawali watano wenye taa zilizozimika, waliokuta mlango wa harusi umeshafungwa, walikuwa milango mitano ya fahamu: macho, masikio, pua, ulimi na ngozi. Ukiilisha mafuta ya nje tu, inazimika. Jumapili mchana watu wawili watatu walikuja barazani kumsikiliza, mshona viatu na muuza chai wakiwa wa kwanza. Mimi nilikaa nyuma nikisugua bawaba. Nilimwambia wazi kwamba katika biashara yangu, mtu anayeanza kukusifia ndani, jua nje kumeoza.

Lakini mpinzani wake hasa hakuwa mimi. Alikuwa mkewe.

Mama Shemasi alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto, na alikuwa shemasi wa kanisa tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Kila Jumamosi alitoka na Biblia kwapani kwenda nyumba kwa nyumba kuhubiri. Ubishaji wake hodi ulijulikana mtaa mzima: tatu laini, anyamaze kidogo, kisha mbili. Hata waliojificha chini ya kitanda walijua ni nani, na mwisho walitoka, maana hakuwa na haraka. Kwake yeye neno lilikuwa kama lilivyoandikwa. Ilipoandikwa bahari iligawanyika, iligawanyika, na samaki walishangaa.

Ugomvi wao ulikuwa mtamu kuusikiliza.

"Maji yaligeuka divai, basi!" alimwambia siku moja alipomletea chakula barazani. "Usiniletee divai ya moyoni. Hiyo haitoshi hata meza moja ya harusi."

"Mama, mimi sijaikataa divai. Nasema kwamba..."

"Unasema, unasema! Bwana kayageuza maji kuwa divai, wewe umeirudisha kuwa maji!"

Mshona viatu alicheka hadi sindano ikamchoma. Fundi naye alicheka, akafungua bakuli.

"Mlango nao, Mama? Ule anaosimama Bwana akibisha, nao ni wa mbao?"

"Mlango ni mlango. Unabisha, unafunguliwa. Usipobisha, utakaa nje na maana yako, mnyeshewe wote wawili."

Na Jumamosi ikifika, ungemwona huyohuyo Fundi akitembea nyuma ya mkewe jua la mchana, kamshikia mwavuli. Hakukubaliana na neno hata moja alilolihubiri. Mwavuli lakini hakuwahi kuusahau.

*

Kisha Mama Shemasi akaanza kupotea akiwa palepale. Mwanzoni ilikuwa sufuria iliyoungua, kiatu ndani ya ndoo, jina la mtu. Akaja siku moja kunisalimu akaniita kwa jina la mama yake mdogo, na kwa kuwa aliniletea ndizi, nikaitika. Hospitali walisema ni ugonjwa wa usahaulifu, na kwamba haurudi nyuma. Akasahau kupika, akasahau siku, akasahau kwamba alikuwa na dada. Ila hodi hakuisahau. Alitoka asubuhi, jua halijapanda, akaenda mtaani kubisha. Sasa hakuchagua. Alibisha maduka yaliyofungwa, alibisha kibanda cha mlinzi, alibisha jokofu bovu lililotupwa nje ya karakana. Likinyamaza, alisubiri kwa adabu, kisha mbili tena.

Watu walimvumilia, maana nani hakuwahi kuombewa na yeye? Lakini uvumilivu nao una bei yake, na bei inapanda. Mwisho akaenda kubisha mlango wa lori lililokuwa likirudi nyuma. Dereva aliruka chini, akamshika Mama Shemasi mikono yote miwili, akashindwa hata kugomba. Yeye akamuuliza kama ameokoka.

Habari zikamfikia binti yao wa pekee, muuguzi katika mji mwingine. Akapiga simu, na Fundi, kwa kuwa masikio yake yalikuwa yamechoshwa na tupa, aliifungulia sauti, basi sote barazani tukasikia.

"Baba, shikamoo. Nakuja mwisho wa mwezi. Nikimkuta mama bado anazurura barabarani, nitamchukua. Huku kuna nyumba ya kutunzia wazee, nimeingia mwenyewe, nimekagua hadi vyoo. Ni safi."

"Marahaba, mwanangu. Lakini mama yako..."

"Baba, safari hii lilikuwa lori. Safari ijayo utaniita nije kufanya nini?"

Hakuwa mtoto mbaya. Alisema ukweli, na ukweli ukisemwa na mwanao hauna pa kuukwepea. Fundi akaizima simu, akachukua tupa, akaiweka chini.

"Akipelekwa huko, hatanijua tena," alisema. "Hapa bado ananijua, si kwa uso. Ananijua kwa kuwa niko mahali pangu, kama ufunguo kwenye msumari wake. Nikimwendea huko nimevaa shati la wageni, atanipa mkono kama mgeni."

Nikamletea chai.

Nyumba yao ilikuwa chumba na sebule, na ua mdogo uliozungushiwa mabati, na geti la mbao. Fundi akatafuta kitasa bora kuliko vyote alivyowahi kushika, cha shaba, alichokuwa amekihifadhi tangu ujana kwa kusubiri mteja anayestahili. Akakifunga kwenye geti. Asubuhi alimlisha mkewe, akamwachia kiti kivulini, akafunga geti kwa nje na kuja kazini. Kila baada ya muda alikwenda kumtazama. Nilimwona alivyokuwa akirudi: amejikunja, kama mtu aliyeuza kitu ambacho si chake.

Siku ya tatu au ya nne nilikuwa na fremu iliyohitaji kutobolewa, na mashine yake ya kutobolea ilikuwa nyumbani. Tukaenda pamoja mchana. Tulipokaribia geti tukasikia. Tatu laini. Kimya. Mbili. Kutoka ndani.

Kisha sauti yake, ile ya kuita ng'ambo ya mto, lakini sasa imekauka:

"Bwana! Bwana, nifungulie! Taa yangu ina mafuta. Niliyanunua mapema, waulize!"

Fundi alisimama kana kwamba kagonga ukuta. Nami ilinichukua muda kuelewa. Pale uani kulikuwa na jua na mbingu wazi kichwani, na mbele yake mlango uliofungwa. Basi alikuwa nje. Mtu yeyote mwenye akili angesema yuko nje. Na katika kitabu chake kulikuwa na mlango mmoja tu unaofungwa hivyo usoni mwa mwanamke anayebisha: ule wa harusi, uliowaacha wanawali wapumbavu gizani. Maisha yote alikuwa amebisha ili wengine waingie, na sasa yeye ndiye amefungiwa nje.

"Yule mpumbavu si mimi, Bwana! Umenichanganya na mwingine!"

Fundi akautoa ufunguo. Mkono ule uliowahi kufungua sefu iliyozama kwenye mafuriko ulishindwa kupata tundu la kitasa alichokifunga mwenyewe. Nikamnyang'anya ufunguo, nikafungua.

Mama Shemasi alikuwa amesimama, taa ya chemli isiyo na utambi mkononi, vifundo vya vidole vimechubuka. Alitutazama sote wawili na kusogea kando kwa heshima, atupe nafasi.

"Na nyinyi mmechelewa?" akauliza. "Poleni. Haya, kaeni hapa na mimi, tusubiri huku nje. Huenda watafungua." Akamwona Fundi usoni. "Usilie, baba. Mafuta unayo?"

Fundi alitikisa kichwa kwamba hana.

"Basi usiogope. Nitakugawia yangu."

Fundi akaketi chini kando yake, juu ya udongo, na suruali yake ileile ya kazi. Mkewe akamwinamishia ile taa tupu juu ya viganja vyake, akamimina, akahakikisha haimwagiki. Fundi akainua uso kunitazama.

"Umesikia?" akasema. "Kwenye kitabu wale wenye busara waliwanyima wenzao. Walisema hayatatosha. Yeye kanigawia."

Mimi nilikwenda kuitafuta mashine ya kutobolea. Kuna mahali mtu wa tatu hana biashara.

*

Kesho yake alifika barazani na bisibisi mkononi, kitasa cha shaba kimefungwa kwenye gazeti. Akakiweka mezani kwangu.

"Nataka milango mitano."

"Ya nini, Fundi? Una chumba na sebule."

"Ya uani."

"Uani hakuna ukuta. Mlango usio na ukuta ni ubao uliosimama."

"Kwako ni ubao. Kwangu kuna atakayeubisha."

"Na kwa nini mitano?"

"Wanawali waliofungiwa walikuwa wangapi? Kila mmoja afunguliwe wake."

Tukaingia stoo. Mimi simpi mtu kitu bure, maana cha bure hakitunzwi, na yeye hapokei cha bure, kwa hiyo tulielewana haraka: atanilinganishia gunia jipya la funguo hadi liishe. Akachagua kwa kubisha. Alibisha kila mlango kwa vifundo, akaweka sikio. Akauchukua wa darasa la shule, uliochakaa chini kwa mateke ya watoto. Akauchukua wa zahanati, wenye kidirisha cha kioo. Wa duka, mzito kama mwenye duka. Na mmoja wa chumba cha kulala cha watu nisiowajua, bado una msumari wa kutundikia nguo. Wa tano alipounyooshea kidole, nilimzuia.

"Huo ni wa choo."

"Hata choo mtu hubisha. Tena huko ndiko watu hubisha kwa imani."

Nilicheka peke yangu, halafu pamoja naye, kwa mara ya kwanza tangu lile lori.

"Vitasa je? Huu wa duka una kitasa kizima, na ufunguo ulishaupata."

"Toa vyote. Nisikione hata kimoja."

Hapo nilitaka kubishana, maana mlango uliotolewa kitasa una tundu, na tundu ni hasara. Nikampisha. Ila kwenye suala la geti sikunyamaza. Yeye alitaka kuliacha wazi kabisa, akae pale mwenyewe kama mlinzi. Nikamwambia, "Fundi, mteja hagombei mlango asiouona. Chukua mabati yaleyale ya ua, lifunike geti kwa ndani lifanane na uzio. Bawaba zifiche, komeo liweke juu, mahali mkono wake haufiki. Hajafungiwa. Hakuna mlango tu."

Akaichomeka bisibisi mfukoni.

"Mama Milango, hiyo nayo ni maana ya ndani."

"Hiyo ni akili ya soko. Shika upande wa pili wa huu mlango."

Tukaisimamisha uani, kila mmoja kwenye fremu yake, nguzo zimefukiwa kwa saruji, imepangwa mmoja baada ya mwingine kuzunguka kisima cha maji ya mvua, chenye mfuniko, hadi kurudi kwenye mlango wa sebuleni. Majirani walichungulia juu ya mabati. Mmoja aliuliza kama Fundi naye sasa amepata ule ugonjwa. Mshona viatu, aliyekuja kusaidia kuchanganya saruji, akamjibu kwamba ndiyo, unaambukiza, asogee mbali.

Meza yake aliihamisha kutoka barazani kwangu akaiweka kivulini pale uani. Sikupenda. Baraza lilibaki na alama nne za miguu ya meza. Lakini biashara ni biashara, nikasema gunia litamfuata.

Asubuhi ya kwanza nilikuwepo. Mama Shemasi alitoka na Biblia kwapani, akauona mlango wa shule. Uso wake ukajipanga, kama mtu anayevaa sare. Tatu laini. Kimya. Mbili. Fundi akaiacha tupa, akakimbia kwa nyuma akiwa ameinama, akaufungua.

"Karibu, mama."

"Asante, baba. Nimekuletea habari njema."

"Niambie."

Akamwambia. Bahari iliyogawanyika, samaki walioshangaa, yote. Fundi alisikiliza akiwa amesimama, mikono mbele kama mtoto wa katekisimu, na mkewe alipomaliza akasema amina. Mama Shemasi akamuaga, akapita, akaenda kwenye mlango wa zahanati. Fundi akakimbia tena kuzunguka.

"Nani?" akauliza mara hii kupitia kidirisha, kwa utani wao wa zamani.

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Kama hunijui, mbona umeshaanza kufungua?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa asubuhi baada ya asubuhi. Mtu aliyebishana naye nusu ya maisha kuhusu divai, sasa alimsikiliza milango mitano kwa siku na akaitikia yote. Jumapili, wale watu wake wa maana za ndani walikuja uani. Muuza chai akataka kujua: mlango wa shule ndio masikio? Wa zahanati ndio macho, kwa sababu ya kioo?

Fundi akacheka. "Siku hizi sijui. Nina kazi nyingi ya kufungua." Kisha akawaeleza jambo alilolipata kwa yule padre. Katika kanisa la kale kulikuwa na watu waliowekwa wakfu kwa kazi ya mlango tu, mabawabu, wakakabidhiwa funguo mbele ya watu wote. Na ilipofika saa ya siri kubwa, ya meza ya Bwana, sauti ilitolewa: milango, milango! Wasiobatizwa watoke, mabawabu wafunge. "Sehemu hiyo niliipenda sana," alisema. "Nilifikiri ningekuwa bawabu hodari wa kufunga." Akataka kuongeza neno, lakini upande wa pili wa mlango wa duka palikuwa pamebishwa, akainuka.

*

Binti alifika mwisho wa mwezi kama alivyoahidi, na begi moja tupu ndani ya begi lake, la kubebea nguo za mama yake. Nilikuwepo kwa kisingizio cha gunia. Aliingia kupitia lile geti lililojificha, akasimama, akaitazama milango mitano isiyoelekea popote. Kisha akafanya kazi yake. Alizitikisa fremu. Alipitisha kidole kwenye kingo kama zina vibanzi. Alipima kizingiti kwa unyayo, akasema huu wa duka unaweza kubana vidole, utiwe mpira. Aliangalia miguu ya mama yake, vifundo vilivyopona, uzito wake. Fundi alikuwa mezani akisugua ufunguo ambao haukuhitaji kusuguliwa. Aliusugua hadi nikaona ataumaliza meno yote.

Binti alikuwa amesimama nyuma ya mlango wa choo akikagua bawaba, ndipo ukabishwa. Tatu. Mbili. Akatutazama. Akaufungua.

"Karibu, mama."

Mama Shemasi alimtazama mwanawe kama anavyotazamwa mwenye nyumba mwema.

"Asante, binti. Sikai. Nilitaka kukuambia tu habari za mji ule. Una malango kila upande, na hayafungwi mchana kutwa. Na usiku huko hakuna."

"Kweli?"

"Imeandikwa." Akamsogelea, akapunguza sauti, na sauti yake ya chini ilisikika hadi kwa majirani. "Lakini nina wasiwasi mmoja. Mume wangu ni fundi vitasa. Nawaza, huko atafanya kazi gani?"

Binti alicheka. Akacheka akiwa ameushika mlango, akainama, na alipoinuka alikuwa na machozi hadi kidevuni, akayafuta kwa kiganja kama anafuta jasho.

"Atapata kazi, mama," alisema. "Atazitia mafuta bawaba."

"Eh! Hilo sikulifikiria." Akampigapiga shavu, akaendelea na safari yake kuelekea mlango wa duka.

Jioni begi tupu lilirudi kama lilivyokuja. Binti alitaja orodha ya dawa kwa mdomo, akanikaririshia na mimi nusu yake kwa kuwa aliona nina sura ya mtu asiyesahau. Mlangoni, yaani kwenye lile bati, alimwambia baba yake, "Mwezi ujao nakuja kukagua mpira wa ule mlango wa duka. Nisipoukuta, tutaongea tena." Fundi akasema sawa.

Bado napeleka gunia kila linapojaa. Juzi nilifika mchana nikamkuta Fundi anatoka kumsindikiza mteja, tukaingia pamoja. Uani hapakuwa na mtu. Akaita, kimya. Kisha tukaona miguu ya Mama Shemasi chini ya mlango wa chumba cha kulala, ule wenye msumari, umerudishiwa. Alikuwa amesimama nyuma yake, upande ambao siku zote husimama Fundi.

Fundi alinitazama, akafuta mikono kwenye suruali, akabisha. Tatu laini. Kimya. Mbili. Sikujua kwamba aliziweza.

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

Akafungua mdomo, akaufunga. Aliwahi kuwa na majibu kwa kila mlango wa Maandiko, huyu.

"Fundi," akasema mwisho.

Nyuma ya mlango miguu ikasogea kando kidogo.

"Haujafungwa, Fundi," ikaja sauti. "Sukuma tu."

Nikaliweka gunia chini taratibu, funguo zisilie.